Siku Burundi Ilipopimwa kwa Mbwa Wawili

Watu wakiniuliza nilifanya nini miaka ya vita, nawajibu kwamba nilishona nguo na kufundisha mbwa. Wanacheka. Wacheke, meno ni yao. Kuna walioipitisha miaka ile kwa kunywa, na kuna walioipitisha chini ya kitanda. Mimi sehemu yangu kubwa niliipitisha uwanjani na mbwa, nikitaka kitu kimoja ambacho nilikuwa tayari kugombana na yeyote kwa ajili yake: nisikie nchi yangu ikitajwa kwa jina mahali fulani, kwa sababu isiyokuwa maiti. Redio za nje zilikuwa zikisema "Burundi" kila jioni, na kila jioni nililijua neno litakalofuata.

Mbwa mwenyewe sikumtafuta. Vita vilipoanza, mama mmoja wa Kizungu niliyekuwa nikimshonea mapazia aliondoka na watoto wake, na ndege haikuchukua mbwa. Alikuwa jike, bado mdogo, wa aina ile wanayotumia mapolisi, masikio wima na mgongo mweusi. Yule mama alinipa kamba huku akilia. Nilirudi naye mtaani kwetu Musaga kwa miguu, kwa sababu hakuna konda wa bisi aliyekubali kumpakia. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye sisi wawili tu, alitutazama kutoka mlangoni.

"Batu wanakimbia na magodoro," akasema, "we unaniletea mudomo mwingine wa kula."

Mama hakuwa na maneno mengi, lakini hayo machache aliyanoa.

Somo la kwanza mbwa alilojifunza kwangu lilikuwa somo la mtaa. Musaga kila nyumba ilikuwa na sheria moja: risasi ikilia, wote koridoni, chini, mbali na madirisha, kimya. Mbwa anayebweka saa hiyo anakuitia wageni usiotaka wagonge mlango wako. Basi nilimfundisha "kushe", neno la Kifaransa la kumlaza mbwa, na baada ya majuma machache hakulihitaji tena. Risasi ililia, sisi tukashuka, naye akashuka, kidevu sakafuni, katikati yangu na mama. Hapo ndipo mama alipoanza kumpenda, ingawa angekataa hata mbele ya padri.

Majirani walionicheka wakaanza kuniletea mbwa wao niwafundishe kunyamaza. Tukawa watu wachache na mbwa wachache, tukawa tunakutana Jumamosi. Baada ya kunyamaza tukafundisha kukaa, baada ya kukaa tukafundisha kutembea bila kamba ubavuni mwa mwenye mbwa, kusubiri, kuitwa na kuja. Nieleze hapa, maana wengi wakisikia mchezo wa mbwa wanadhani ni kuwapiganisha. Sivyo. Mchezo ni kuonyesha kwamba wewe na mbwa wako mnaelewana mbele za watu, bila kelele na bila fimbo. Ukifanya vizuri mwamuzi anakupa alama, na niamini, moyo unakudunda kuliko siku ya harusi. Mi nilikuja kufunga ndoa baadaye, najua ninachosema.

Tukiwa na klabu yetu Musaga, tukasikia kuna klabu nyingine Cibitoke. Kiongozi wao alikuwa fundi wa baiskeli, mzaliwa wa Uvira ng'ambo ya mpaka, mtu mnene mwenye mikono ya grisi, na mbwa wake alikuwa wa kienyeji kabisa, mwekundu, mkia umejikunja kama sikio la kikombe. Niliposikia hivyo nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kutoka Musaga mpaka Cibitoke si safari, ni kuvuka mji tu. Lakini miaka ile mtu wa mtaa mmoja hakwenda mtaa mwingine bila kuaga vizuri nyumbani kwake. Kwa hiyo klabu mbili zilikaa kila moja kwake, kila moja ikijiita klabu ya taifa.

Kisha embargo, vile vikwazo tulivyowekewa na majirani, ikaondolewa, ndege zikarudi, na tukasikia kwamba nchi jirani wanaandaa mashindano ya mbwa. Tukaomba kwenda. Aliyetuombea alikuwa daktari wa mifugo anayekaa mtaa wa Mutanga Sud, mzee mpole aliyesomea nje, ndiye aliyekuwa akiwachanja mbwa wetu. Alipiga simu mbele yetu, akasikiliza, akaweka simu chini polepole.

"Wanasema nchi yetu haimo," akasema.

"Haimo wapi?"

Akatueleza kwa utulivu, nami nikawa nachemka. Duniani kuna Shirikisho moja kubwa la michezo ya mbwa. Chini yake kila nchi ina shirika lake la taifa, na shirika hilo ndilo linaloandikisha mbwa, linaloalika waamuzi, linalopeleka washindani nje. Mbwa ambaye nchi yake haina shirika linalotambuliwa ni sawa na mtu asiye na paspoti. Anaweza kuja kutazama, akae pembeni.

"Kwa hiyo hata mbwa wetu wametiwa embargo," nikasema.

"Si embargo, mama. Ni utaratibu."

"Utaratibu gani unaosema mi siko?"

Daktari alinywa maji. Nilikuwa nimesimama na sikujua nimesimama saa ngapi. Mbwa wangu chini ya meza alinitazama akapiga miayo, kama afanyavyo kila nikipandisha sauti.

Daktari akawasiliana na Shirikisho kwa ajili yetu wa Musaga. Kumbe fundi wa Cibitoke naye, kupitia padri anayemjua, alikuwa ameomba kwa ajili yao. Jibu likaja moja kwa wote wawili: nchi moja, shirika moja. Hawapokei mitaa, wanapokea nchi. Mkitaka kuingia, unganeni, halafu tutamtuma mwamuzi aje aone mbwa wawili wa shirika hilo. Wakifaulu wote wawili, Burundi imeingia. Mmoja akianguka, basi, mpaka miaka mingine.

Wazee wanasema fahali wawili hawakai zizi moja, na siku tulipokutana mara ya kwanza sebuleni kwa daktari nilidhani walitutungia sisi. Fundi alisema makao yawe Cibitoke. Nikamwambia mi siendi Cibitoke. Akaniambia naye haendi Musaga, "hata ukifia kule sitakuja kukuzika." Nikamwambia mbwa wake ni wa kuwindia panya. Akaniambia wangu ni wa kukalia kochi. Mbwa wetu wawili walikuwa wamelala zuliani pua kwa pua, wala hawakusikiliza. Mwishowe tulikubaliana uwanja uwe Mutanga Sud, si kwangu si kwake, kwenye majani karibu na nyumba za walimu wa chuo kikuu, na rais awe daktari, kwa sababu mbwa wake mwenyewe hakuwa na adabu hata kidogo na hakuna mtu angemwonea wivu.

Nakwambia ukweli, sikupata kuona kitu kama kile tena. Watu wa mitaa ambayo haikuwa ikisalimiana walikuwa wakishuka kwenye bisi tofauti na kukutana uwanjani, kila mmoja na mbwa wake, wakigombana juu ya kamba ndefu na kamba fupi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka wapi wala amempoteza nani. Tulikuwa na haraka, mwamuzi anakuja. Nilikuwa nikiamka alfajiri nikiwa tayari nacheka peke yangu, na mama akawa ananiuliza kama nimepata mwanaume.

Mbwa wawili waliochaguliwa kupimwa walikuwa wangu na yule mwekundu wa fundi. Nilipinga, nikataka wote wawili watoke Musaga. Kisha nikamwona yule wa kienyeji akitembea ubavuni mwa fundi, macho juu kwenye uso wa bwana wake, hakosei hata kona moja, nikafunga mdomo. Hilo ni nadra kwangu.

Mwamuzi alifika siku ya Alhamisi, mama wa Kiswisi mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, viatu vya mlimani. Alikuwa amekuja na bastola ya mchezo, ile inayotoa mlio tu bila risasi, na wanajeshi wa uwanja wa ndege wakaishika. Daktari alitumia asubuhi nzima kueleza. Mwishowe bastola ikaachiwa, lakini ikaja na askari wake: kijana wa jeshi aliyeamriwa asiiachie mkononi, na kama kuna wa kuipiga ni yeye.

"Bastola ya nini?" nikamuuliza mwamuzi. Alizungumza Kifaransa taratibu, kila neno kwenye sahani yake.

"Ni sehemu ya mtihani," akasema. "Mbwa mmoja analala pembeni, mwenye mbwa amesimama mbali amempa mgongo. Mbwa wa pili anatembea na bwana wake. Wakati huo zinapigwa risasi mbili. Anayelala asiamke. Anayetembea aendelee kutembea, kama hakuna kilichotokea."

Fundi na mimi tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana bila ugomvi.

Ijumaa tukafanya mazoezi mbele yake. Fundi alimlaza mbwa wake, akaenda kusimama mbali, mgongo huku. Mimi nikaanza kutembea na wangu, kichwa juu, najisikia malkia. Askari akanyoosha mkono, akapiga.

Nilijikuta nakula majani. Mbwa wangu alikuwa chini kando yangu, kidevu ardhini, anafanya kazi yake vizuri sana. Nikainua jicho. Fundi yuko chini kifudifudi. Daktari yuko chini, miwani imemtoka. Mama muuza mandazi aliyesimama njiani yuko chini amekumbatia beseni. Wana klabu wote wamelala kama mikeka. Hata yule askari aliyepiga mwenyewe alikuwa amechuchumaa, bastola bado inatoa moshi. Uwanja mzima aliyesimama alikuwa mmoja, mama wa Kiswisi, anatushangaa.

Hakucheka, na nilimheshimu kwa hilo. Alitungoja tuinuke tujipanguse.

"Mbwa wenu hawana tatizo lolote," akasema. "Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbia. Wanalala kwa sababu nyinyi mnalala. Mwenye kosa ni huyu wa miguu miwili."

Damu ilinipanda. "Mama," nikamwambia, "sheria yenu imeandikwa na watu wanaosikia risasi kwenye sinema. Huku kwetu anayeendelea kutembea ni mjinga, na wajinga wa hivyo tumeshawazika. Mbwa wetu wanajua kuliko kitabu chenu. Mtuwekee yetu."

Daktari alinivuta mkono, nikautoa. Mwamuzi hakukasirika.

"Naweza kuwawekea yenu," akasema. "Nitaandika kwamba Burundi ina vita, kwa hiyo Burundi isipimwe. Shirikisho litakubali, ni watu wema. Mtaingia kwa huruma. Na kila mtakapokwenda, mbwa wenu watakuwa wale wa huruma. Sheria hii ni moja kwa nchi zote, haina nchi kubwa wala ndogo. Mnataka kuingia, au mnataka kuhurumiwa?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko majani niliyokula. Tangu vita vianze dunia ilikuwa ikituletea huruma ndani ya magunia. Nilichokuwa nakitaka ni kile kingine.

"Tupige tena," nikasema.

Askari alikuwa na maganda ya mlio machache, ikabidi yatunzwe ya kesho. Tukatumia mbao mbili, daktari akizigonganisha, sisi tukitembea. Tulianguka, tukainuka. Fundi aliniambia nisitazame mbele, nimtazame mbwa, "ju yeye anakutazama we, mukitazamana hakuna mutu wa kuanguka." Mimi nilimwambia yeye ahesabu mistari ya wimbo wa kanisani wakati amesimama. Nyumbani jioni nikampa mama vifuniko viwili vya sufuria, avigonganishe ghafla wakati wowote nisipotazamia. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Alivipiga nikiwa napepeta mchele, alivipiga nikiwa nasali, alivipiga nikiwa chooni. Kufikia asubuhi nilikuwa nashtuka ndani tu, nje natembea.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu wa Mutanga Sud walitoka na viti vyao, wanafunzi wa chuo wakapanda ukutani, muuza mandazi akarudi na beseni kubwa zaidi. Nilivaa sketi niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, kijani, na mbwa wangu nilikuwa nimempiga brashi mpaka anang'aa. Mwamuzi alisimama katikati. Askari alisimama pembeni na bastola yake, ameanza kujiona mtu muhimu. Fundi alimlaza mbwa mwekundu, akaenda mbali, akageuka, akatulia. Mwamuzi akanipa ishara.

Nikaanza. Mbwa alikuwa gotini kwangu, macho kwenye uso wangu, na moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha si kwa woga. Tulikata kona ya kwanza. Risasi ikalia. Nikashtuka ndani, nje nikatembea. Ikalia ya pili, nikatembea, na ya tatu, na nilikuwa natabasamu kama mtu aliyekula cha jirani. Nikajisemea, mama wa Kiswisi alisema mbili, huyu askari ametuongezea.

Nikafika kona ya mwisho, nikageuka, na uwanja haukuwa na watu. Yaani watu walikuwepo, ila wote chini. Wanafunzi hawapo ukutani. Viti vimelala. Daktari, muuza mandazi, wote. Askari alikuwa amelala na safari hii hakuwa akitazama bastola ya mchezo, alikuwa akitazama milimani. Na mama wa Kiswisi, yeye pia kifudifudi kwenye majani, mikono juu ya nywele zake nyeupe, jicho moja limefunguka linatazama miguu ya mbwa wangu.

Tulikuwa tumesimama wawili tu, mimi na fundi, na mbwa wangu ubavuni. Fundi alikuwa ametupa mgongo, anahesabu mistari ya wimbo wake, hana habari. Nikataka kushuka. Mbwa akaniangalia. Nikaona nikishuka anashuka, na akishuka yeye yamekwisha. Nikazimaliza hatua zilizobaki, nikasimama, naye akakaa. Ndipo nikashuka, taratibu, kama mtu anayekaa kwa hiari yake.

Milio haikuendelea. Askari alisikiliza, akasema ni mbali, ni juu huko, upande wa Musaga. Niliposikia Musaga nilimwona mama yangu koridoni, na nikajua anajua kazi yake. Watu wakaanza kuinuka. Fundi akaja kwangu anatembea kwa maringo, meno yote nje.

"Umeona?" akaniambia. "Sikutikisika. Ile pistole iko na sauti kubwa leo."

"Papa, haikuwa pistole."

Alinitazama. Akamtazama askari, ambaye alitikisa kichwa. Akatazama milima. Kisha akalala chini, kifudifudi, kimya, mbwa wake akaja akalala naye. Watu walicheka mpaka wengine machozi. Hakuinuka haraka.

Daktari alikuwa wa kwanza kukumbuka mtihani. Alimwendea mwamuzi, ambaye alikuwa akijitoa majani kifuani, akamwambia kwamba yeye mwenyewe ameona: mmoja alilala asiamke, mwingine alitembea asisimame. Zaidi ya hapo ni nini? Mwamuzi akaitazama bastola mkononi mwa askari.

"Bastola ya mtihani haijapigwa," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unasema?"

"Sheria inasema mlio utolewe uwanjani, kwa amri ya mwamuzi, kutoka umbali uliopangwa. Hii haikuwa kwa amri yangu."

"Kwa hiyo risasi za kweli hazina alama," nikasema, "zenye alama ni za uongo."

"Ndiyo."

"Haki ya Mungu, nitakufa nimeona mengi."

Lakini nilipomtazama niliona kwamba hakuwa akinionea. Uso ulikuwa mweupe kama chokaa, na alikuwa akishika sheria yake jinsi mtu anavyoshika mlango bisi ikiyumba. Angeweza kwenda hotelini saa ile, hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa bado hapo. Akanijia karibu.

"Wakiniuliza," akasema, "nataka niseme kwamba mlifanya kile kile wanachofanya wengine wote. Mnaweza kurudia?"

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mara ya kwanza nilitembea kwa ujinga wangu. Sasa nilikuwa najua milima ile iko macho. Fundi naye alikuwa anajua, na ndiye wa kutoa mgongo. Alikuwa bado chini. Nikamwendea, nikamnyooshea mkono.

"Papa wa Cibitoke," nikamwambia, "mi niko Musaga, na kwangu ndiko wanakopiga. Kama mi nasimama, we unalala ju ya nini?"

Alinitazama kwa chuki ya kirafiki. "We mama una mudomo mubaya sana," akasema, akashika mkono wangu akainuka.

Watu hawakukaa kwenye viti tena, walisimama wote. Mbwa mwekundu akalazwa. Fundi akaenda, akageuka, nikaona mabega yake yamepanda mpaka masikioni, yakashuka. Nikaanza kutembea. Sikutazama mbele, nilimtazama mbwa wangu, naye alinitazama kama siku zote, na nikaelewa kwamba kwake yeye hakukuwa na milima wala Shirikisho, kulikuwa na uso wangu tu. Basi nikaufanya uso kuwa mzuri. Mwamuzi akainua kidole. Askari akapiga, kisha akapiga ya pili, na safari hii hakuchuchumaa.

Tulitembea.

Tukabadilishana. Mbwa wangu akalala, nikasimama nimempa mgongo, nikaisikia milio miwili nyuma yangu na nyayo za fundi hazikusita. Hakuna adhabu kama kusimama umetoa mgongo, nawaambia. Nilimaliza wimbo wote wa kanisani na kuanza mwingine.

Mwamuzi alituita katikati, sisi na mbwa wetu. Kwa kawaida hutaja makosa kwanza, na aliyataja: wangu alikaa mshazari, wa fundi alichelewa kuja. Kuhusu yule mkia uliojikunja hakusema neno, kwa sababu mtihani hauulizi ukoo. Kisha akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti iliyofika ukutani kwa wanafunzi:

"Burundi. Mbwa wawili wamepimwa. Wamefaulu wawili. Burundi imeingia."

Nililia, nasema bila aibu. Fundi alinikumbatia na grisi yake yote kwenye sketi yangu ya kijani, na sikumgombeza. Askari aliuliza kama anaweza kubaki na lile ganda la mlio. Watu wa Musaga na wa Cibitoke waliimba wimbo mmoja, kila upande kwa namna yake, mpaka daktari akatukumbusha saa ya kutotoka nje, tukatawanyika mbio kila mtu kwenye bisi yake. Siku hiyo hata konda aliyekuwa akinikatalia siku zote alitupakia.

Nilifika nyumbani jua likielekea ng'ambo ya ziwa. Mama alikuwa mzima, anachambua maharage uani. Nilisimama mlangoni na mbwa, nimejaa maneno mpaka kooni, sijui nianze na lipi, na kabla sijafungua mdomo milima ikaanza tena, karibu sasa. Mama alikuwa koridoni kabla maharage hayajamaliza kumwagika. Mimi nilibaki nimesimama. Vifuniko vya sufuria vya jana vilikuwa vimeniingia mwilini. Mbwa alibaki amesimama nami, macho juu kwenye uso wangu, akingoja nimwambie leo tunafuata sheria ipi.

Mama alinyoosha mkono kutoka chini akaushika upindo wa sketi yangu akauvuta.

"Kushe," akasema.

Tulishuka wote wawili. Mbwa akajiweka mahali pake, katikati yetu, kidevu sakafuni. Tulikaa hivyo kitambo, tukisikiliza. Kisha mama akaniuliza kwa kunong'ona, "Na bale bakubwa wako wa mbwa, wamesema nini?"

"Wamesema tuko."

"Tuko wapi?"

"Kwenye dunia yao. Burundi iko. Imeitwa kwa jina, mama, nimesikia kwa masikio yangu."

Mama alifikiri. Niliona macho yake yaking'aa ng'ambo ya mgongo wa mbwa, na nikadhani atanipongeza. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, akakisukuma chini mpaka shavu likagusa saruji.

"Basi lala vizuri," akasema, "wasitutoe leo leo."